Bogoja Aliyeposa kwa Greda

Nimeutazama mgongo wa Bogoja kwa miaka ishirini na miwili. Yeye alikuwa dereva wa greda, mimi dereva wa shindilia, ile mashine ya gurudumu la chuma, na kazi ya shindilia haina siri: greda inatangulia kusawazisha, wewe unafuata kukandamiza. Kwa hiyo uso wake niliuona wakati wa chakula tu, lakini mgongo naujua kuliko ninavyoujua wangu. Akiwa na njaa, bega la kushoto lilishuka. Akikasirika, masikio yalilala nyuma kama ya farasi. Na kuna kipindi, mwaka sabini na nane hadi themanini, ambapo mgongo ule ulisimama wima kila tulipokaribia kijiji cha Vitolec, kama wa mwanafunzi anayesubiri jina lake liitwe.

Tulipoanza kazi ya barabara ya huko alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaoa, anaishi mjini Prilep na mama yake, Bibi Petkana, katika nyumba iliyotundikwa tumbaku hadi jikoni. Hakuwa na kasoro ya kumkimbiza mwanamke. Mrefu, msafi, kinywaji chake cha kiasi. Tatizo lilikuwa ulimi. Kwa siku nzima alisema maneno sita, na matatu kati ya hayo yalikuwa "Rudi nyuma kidogo," ambayo aliniambia mimi. Mbele ya mwanamke hata hayo sita yalimkaukia kooni. Safari moja mama yake alimpeleka kwenye nyumba ya watu kumwona binti wao. Akakaa saa mbili, akanywa kahawa tatu, akatazama juu. Njiani kurudi mama akamuuliza, "Haya, umemwonaje?"

"Dari yao imeinama upande wa dirisha," akasema Bogoja.

Lakini mpandishe kwenye greda uone. Kile kisu kirefu kinacholala tumboni mwa mashine, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, alikiinamisha, akakigeuza, akakichomoza pembeni, na udongo ukatoka chini yake laini kama siagi. Mgongo wa barabara aliuchonga kwa jicho. Mtaro aliukata kwa mkupuo mmoja, kutoka kona hadi kona, bila kusimama. Wapimaji walikuja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachungulia, wakapiga hesabu, wakakuta tofauti ya nusu sentimita, na mara nyingi tofauti hiyo ilikuwa ya chombo.

Vifaa vya mbele hakuvipenda. Greda yetu ilikuwa na viwili, na kila kimoja kilifungwa puani pa mashine kwa zamu: reki ya meno ya chuma, ya kupasulia ardhi iliyokomaa, na bamba la kusukumia vifusi, au theluji wakati wa baridi. Kubadilisha kimoja kuweka kingine kulichukua nusu siku, nyundo mbili na matusi yasiyohesabika. Reki ile Bogoja aliiita mama mkwe.

"Mama mkwe hapandishwi garini," aliwahi kuniambia, "mpaka uwe unakwenda vitani."

Mama mkwe mwenyewe hakuwa naye, lakini ndivyo alivyokuwa. Juu ya mashine alikuwa na utani. Akishuka tu, unamwacha kule juu.

Basi mwaka sabini na nane shirika la barabara likatutuma Vitolec. Ni kilomita kumi na moja kutoka darajani hadi kijijini, na kabla ya hapo palikuwa na njia ya nyumbu tu. Matingatinga yalikwisha kupasua mlima, sisi tukaja kumalizia. Tulipofika kilomita ya tisa, karibu na chemchemi, alipita msichana mwenye ndoo mbili. Aliitwa Trendafila, binti wa mzee Naum mfugaji kondoo, wa nyumba ya mwisho kabisa juu. Alisimama akatazama kisu kinavyokwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, kisha akapaza sauti kuushinda mlio wa injini:

"Kaka! Hapo unalima au unachora?"

Bogoja akageuka. Akafungua mdomo. Akaufunga. Msichana akangoja kidogo, akacheka, akaenda zake na maji yake.

Jibu lilitoka siku ya tatu. Barabara kwenye ramani iliishia uwanjani, mbele ya kanisa. Bogoja aliendelea mbele mita mia mbili zaidi, akapanda kilima, akachonga njia nyororo hadi lango la mzee Naum, na pembeni yake mtaro ulionyooka kama uzi. Mpimaji akauliza, hii imetoka wapi? Bogoja akakohoa. Mpimaji akaiongeza kwenye ramani, maana kufuta kulikuwa na karatasi nyingi zaidi.

Tangu hapo ukarabati wa barabara ya Vitolec ukawa ibada. Kitabu cha kazi kilisema ipitishwe kisu mara moja kila miezi mitatu. Sisi tulikwenda kila wiki ya pili. Mvua ikinyesha, tunakwenda kwa sababu imenyesha. Isiponyesha, tunakwenda kwa sababu ya vumbi. Vijiji vya upande wa pili wa mto vilikuwa vinakatika ekseli za mikokoteni, na sisi tuko Vitolec tunalainisha mahali palipokuwa laini kama meza ya kasisi.

Siku moja, wakati wa chakula, nikamwambia, "Bogoja, ndugu yangu. Sema naye."

"Nimeshasema."

"Umesema! Lini? Umemwambia nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama punguani. "Kwani mtaro hukuuona?"

Aliyesoma ujumbe wa ule mtaro alikuwa mzee Naum, na akausoma vibaya. Mzee alikuwa amepigana vita viwili, ameishi pembeni mwa dunia miaka sitini bila hata mkusanya kodi kumtembelea, na sasa kila wiki ya pili mashine ya njano inapanda hadi langoni kwake. Akaamini serikali imemkumbuka. Akamwagiza mwalimu amwandikie barua kwa mkurugenzi wa shirika, akashukuru kwa niaba ya ukoo wake, kondoo wake na marehemu wake, akaiambatanisha na bonge la jibini. Mkurugenzi hakuwahi kupata barua ya shukrani maishani. Jibini akaila, barua akaibandika kwenye ubao wa matangazo, na Bogoja akatangazwa mfanyakazi bora wa mwaka, akapewa cheti na saa ya ukutani. Bibi Petkana aliipachika saa juu ya jiko, na kila mgeni akaambiwa, "Mwanangu haongei, lakini Vitolec wanamsikia."

Kumbe lililosikia zaidi ni shirika la mabasi. Walikuwa wamesema siku zote kwamba basi lao halitapanda Vitolec mpaka barabara iwe ya kuaminika. Sasa wakatuma mtu kukagua, mtu akarudi amepigwa butwaa, na Juni ya mwaka themanini basi la kwanza likaingia uwanjani. Dereva wake aliitwa Lazo: miwani ya jua, mkono mmoja dirishani, kaseti inaimba. Tena alikuwa na mdomo. Huyo mtu aliweza kuongea na bibi mwenye kuku, kasisi na askari wa mpakani kwa wakati mmoja, na kila mmoja akashuka akidhani ndiye rafiki yake wa kipekee.

Septemba tukiwa kilomita ya pili, mzee Naum alitushukia kwa miguu. Amevaa kofia ya sikukuu, macho mekundu. Bogoja akazima injini.

"Mwanangu," akasema mzee, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, "nimekuja kukupa shukrani zangu. Binti ameolewa. Trendafila wangu. Amemchukua Lazo wa basi, jana, na sanduku lake na vyombo vyake. Nililia, sikufichi. Lakini nilisimama langoni nikatazama. Alipakata trei ya mayai ya kumpelekea mama mkwe wake, mayai thelathini. Basi limeshuka hadi darajani, wameniambia, halikupasuka hata moja! Hata moja, mwanangu! Hiyo ni kazi yako. Mungu akulipe."

Bogoja akaitikia kwa kichwa mara mbili. Mzee akambusu mashavu yote mawili, akarudi zake mlimani kwa mwendo wa mtu aliyetimiza wajibu.

Siku ile hatukufanya kazi tena. Kesho yake nilipofika yadi nilimkuta Bogoja amekwisha kufunga kitu puani pa greda, peke yake, na nyundo iko chini. Ilikuwa ile reki. Nikamtazama masikio: yamelala nyuma kabisa.

"Bogoja," nikamwambia, "tunakwenda wapi na mama mkwe?"

Hakujibu. Akapanda hadi Vitolec, akageuza mashine juu kabisa, akateremsha yale meno, akakanyaga mafuta. Nilikuwa nyuma na shindilia yangu, na nawaambia ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile. Barabara ililia. Kokoto zilizokuwa zimelala miaka miwili, nilizozilaza mimi kwa mkono wangu, ziliruka kama mahindi kwenye kikaango. Alianzia lango la Naum, akapita kanisa, akapita chemchemi, akateremka kilomita moja, mbili, tatu, bila kugeuka nyuma. Nami namfuata, kwa sababu kufuata ndiyo kazi yangu, lakini kukandamiza nini? Nilikuwa kama mtu anayemfuata jirani aliyelewa huku ameshika koti lake.

Mwisho wa kilomita ya nne kutoka juu, kwenye kona, mkokoteni wa farasi ulikuwa umesimama katikati ya njia. Juu yake kreti za mkate, na juu ya kreti amekaa Dosta, muuzaji wa duka la ushirika la Vitolec, mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye sauti ya kuita kondoo mlima wa pili. Mara mbili kwa wiki alishuka hadi tanuri la kijiji cha chini kufuata mkate. Bogoja akapiga honi. Farasi akatikisa sikio. Dosta hakutikisika.

"Zima hilo dubwana!" akapiga kelele. Bogoja akazima. "Haya. Nipite wapi mimi? Niruke? Umenipa mabawa?"

Bogoja akatazama usukani.

"Nasikia umepasua mpaka kanisani. Bibi Velika ametuma mjukuu kuniambia dunia imefika mwisho. Kisa nini? Kisa Trendafila?"

Mimi kule nyuma nikazima yangu pia, nisije nikakosa neno.

"Unashangaa ninajua? Vitolec yote inajua! Mbuzi wanajua! Kila wiki ya pili greda langoni kwa Naum, tufikirie nini, kwamba unapenda kondoo? Waliokuwa hawajui ni wawili tu, Naum na huyo Trendafila mwenyewe. Alikuwa ananiuliza dukani, 'Dosta, hivi yule mtu wa greda ni bubu?' Namwambia sijui, labda ana jino linauma. Mwanamke haposwi kwa mtaro, we mwanamume! Mtaro unapitisha maji!"

Bogoja akafungua mdomo, na nadhani angesema kitu, lakini nyuma ya mkokoteni likatokea gari la shirika. Ndani yake Injinia Stavre, bosi wetu, na pembeni yake mgeni kutoka mji mkuu, Skopje, mwenye mkoba na koti refu, ambaye alikuwa anazunguka kukagua barabara za milimani. Stavre alikuwa amemleta Vitolec makusudi, ili amwonyeshe barabara ya mfano.

Wakashuka. Wakaizunguka greda. Wakaiona barabara ya mfano.

Stavre akawa mweupe kama jibini ya Naum. Bogoja akateremka kwenye greda taratibu, akavua kofia, akasimama kama anayesubiri kufukuzwa kazi, na nafikiri alitaka kufukuzwa. Mgeni akachuchumaa, akatoa mkobani rula ya kukunja, akaichomeka kwenye mfereji wa jino. Akasogea hatua kumi, akaichomeka tena. Akapanda mlima mita mia, tukimtazama, akachomeka kila mahali. Alirudi anahema.

"Sentimita kumi na tano," akasema. "Kila mahali kumi na tano. Hakuna kumi na nne, hakuna kumi na sita. Nani aliagiza hii?"

Stavre ananitazama mimi, mimi namtazama farasi.

"Miaka mitano," akaendelea mgeni, na sauti yake ikatetemeka kidogo, "miaka mitano naandika kwenye kila waraka: kabla ya kokoto mpya za vuli, tabaka la zamani lipasuliwe kwa meno, sentimita kumi na tano, ndipo la juu lishikane na la chini. Hakuna anayefanya! Wote wanamwaga kokoto juu juu, kwa sababu ni wavivu wa kufunga reki. Nani aliagiza?"

"Mimi..." akaanza Bogoja. "Hii nili... mimi tu..." Akakwama. Ulimi uliomnyima mke, siku ile ulimwokolea kazi, maana kama angeuweza angesema yote.

"Aliagizwa na moyo wake, komredi," akasema Dosta kutoka juu ya mikate, bila hata kutabasamu.

Mgeni akaandika. Niliona kwa macho yangu akiandika. Stavre, ambaye hakufika uinjinia kwa ujinga, akapata rangi yake upesi, akasema kwamba shirika letu siku zote linawatia moyo wafanyakazi wenye kujituma, na kwamba huyu alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, kama komredi anavyoona, hawezi hata kujisifu. Mgeni akampa Bogoja mkono kwa muda mrefu, akaagiza kilomita saba zilizobaki zipasuliwe hivyo hivyo, na baada ya hapo barabara zote za ng'ambo ya mto.

Gari likageuka likaondoka. Tukabaki watatu na farasi.

"Umeona?" Dosta akamwambia Bogoja. "Hata kuharibu hujui. Sasa mkate wangu. Farasi hapiti humu. Utaupeleka wewe."

Ndivyo mikate themanini ilivyoingia Vitolec kwa greda. Tuliipanga kwenye kibanda cha dereva, mingine tukaifunga kwa kamba kwenye shingo ya mashine, na Dosta akasimama ngazini ameshika kioo cha pembeni, akampigia Bogoja kelele njia nzima: "Polepole! Huo ni mkate, si kifusi!" Nilikuwa nyuma na farasi wake amefungwa kwenye shindilia, na niliona mgongo wa Bogoja. Ulikuwa hauna habari yoyote. Umechanganyikiwa tu.

Vuli yote tulipasua barabara. Jambo lile lile alilolifanya kwa hasira sasa alilifanya kwa amri, kwa fomu, kwa saini mbili, na kwa kadiri nilivyoona lilimtibu uchungu wote. Huwezi kuendelea kuvunjika moyo kwa ratiba, kuanzia saa moja hadi saa tisa, na Jumamosi nusu siku. Zilipokuja kokoto mpya akarudi kwenye kisu chake, na kila tulipokuwa juu karibu na kijiji, Dosta alitokea mchana na mkate na pilipili za kuchoma, akakaa mbele yake.

"Sema kitu," anamwambia.

Bogoja anatazama barabara.

"Usinitazamie mtaro. Mtaro ninao nyumbani. Sema kwa mdomo."

Wiki ya tatu, mbele yangu, kidogo nijikate ulimi kwa mshangao, akasema: "Mkate umezidi chumvi."

"Aha!" akasema Dosta, akapiga paja. "Tumeanza."

Walifunga ndoa Februari, theluji ikiwa imefika kiunoni. Desturi inataka bwana harusi amfuate bibi harusi kwao, na hakuna gari lililoweza kupanda, basi Bogoja akafunga bamba puani pa greda kwa mara ya kwanza bila kununa, akasukuma theluji kilomita kumi na moja akiwa ndani ya suti, na nyuma yake msafara: mimi, Bibi Petkana ndani ya trekta, wapiga ngoma wawili na mpiga zumari mmoja aliyegandiwa na midomo. Langoni kaka zake Dosta wakatuzuia, kama inavyotakiwa, wakauliza kwa sauti ya ukali: "Enyi wageni! Mmekuja kutafuta nini?"

Anayetakiwa kujibu ni bwana harusi. Theluji inadondoka. Kaka wa kwanza akakohoa. Kaka wa pili akaninong'oneza, "Huyu yuko sawa?"

Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya bibi harusi: "Mpeni muda! Anakuja! Msimharakishe!"

"Nimekuja," akasema Bogoja, "kumchukua Dosta."

Umati ulishangilia kama timu ya Prilep imefunga bao. Bibi Petkana akafuta machozi, na usiku wa kurudi akaniambia, "Ana sauti kubwa, huyu binti."

"Ni kweli, mama."

"Vizuri. Nyumba yangu ilikuwa kimya kama ghala."

Ningeweza kuishia hapo, lakini maisha ya mtu hayaishi kwenye harusi yake, na ya Bogoja yalikuwa na kichekesho kingine kilichochukua miaka mingi zaidi. Barabara ile tuliifanya nzuri mno. Mzee Naum alikuwa ameililia maisha yake yote ili watu waje. Watu wakatazama jinsi ilivyo laini, wakaondoka. Kwanza vijana, kwenda kiwandani Prilep. Halafu waliooana. Halafu wazee, kwa wajukuu. Kila familia ilipotangaza kuhama, Bogoja alipanda siku moja kabla na kupitisha kisu, ili kioo cha kabati lao kisipasuke njiani. Nilimwambia, "Acha basi mashimo kidogo, labda watafikiri mara mbili." Akasema hawezi, mkono unakataa. Dosta, aliyeendelea kupanda kulihudumia duka hata baada ya ndoa, alilifunga mwaka tisini na moja, siku aliyouza mkate mmoja tu, tena aliununua mwenyewe.

Trendafila alikuwa akija kila Agosti kumwona baba yake. Naum alikataa kuhama, na alipofariki, miaka ya tisini katikati, alikuwa raia pekee wa Vitolec. Kwenye mazishi yake tulikuwa wote. Lazo alikuwa amenenepa, na amenyamaza kabisa. Daktari alimkata kidonda kooni, anaongea kwa kunong'ona. Trendafila alimjia Bogoja na sahani ya ngano iliyopikwa, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu.

"Baba alikupenda sana," akamwambia. "Alikuwa akisema wewe ndiye mtu pekee aliyemheshimu bila kumwomba chochote. Miaka ile yote ulipanda kwa ajili yake."

Nikautazama mgongo wa Bogoja. Dosta alikuwa kando yake, na naye akamtazama. Mwanamke yule aliyejua kila kitu na kusema kila kitu, siku hiyo alinyamaza, akamwachia mumewe.

"Alikuwa mzee mzuri," akasema Bogoja. "Na lango lake lilikuwa zuri. Pole sana, dada."

Kisha akala ngano yake. Hakuongeza neno, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemlaumu.

Shirika la barabara liligawanywa, likauzwa, likafa. Greda yetu ilipelekwa kuyeyushwa bila reki, maana hakuna aliyekumbuka reki iko yadi gani. Sote wawili tukastaafu. Halafu mwaka wa elfu mbili na tisa, watu wa mipango huko juu wakafungua faili la zamani na kukuta barabara moja ya milimani yenye kumbukumbu safi kuliko zote: imekarabatiwa kila wiki ya pili, tabaka limepasuliwa kwa kina sawasawa, ina cheti, ina barua ya wananchi yenye shukrani. Wakaona hiyo ndiyo inayostahili lami. Lami ikamwagwa Vitolec, kilomita kumi na moja, na zile mita mia mbili za lango la Naum zikiwemo, kwa kuwa zilikuwa kwenye ramani. Wakaaji: sifuri.

Siku ya ufunguzi walikuja na utepe, maikrofoni na kondoo wa kuokwa. Ikabainika kwamba hotuba inahitaji mwananchi wa kijiji, akabidhiwe mkasi. Wakatafuta. Mwisho wakampata Dosta, ambaye hakuwahi kubadilisha anuani yake. Akakata utepe, akaambiwa aseme maneno mawili. Alisema kwa dakika ishirini na tano, na mtu wa maikrofoni alipojaribu kumwondolea, aliendelea bila maikrofoni, tofauti haikuonekana.

Bogoja wakati huo alikuwa amelala kifudifudi kwenye lami mpya, na suti yake, jicho moja amefumba.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Imeinama sentimita mbili kushoto," akasema. "Na mtaro wa maji hawakuuacha popote."

Sasa wanaishi huko, yeye na Dosta, tangu Mei hadi theluji, katika nyumba ya wazazi wake Dosta. Gari pekee linalopita ni la mkate, Alhamisi. Nilikwenda kuwaona kiangazi hiki. Dosta alitoa jibini na pilipili, akakaa, na ndipo nilipogundua jambo geni: sauti niliyokuwa nikiisikia tangu nishuke garini haikuwa yake. Ni Bogoja. Alikuwa akinieleza kuhusu banda la sungura, jinsi alivyosawazisha sakafu yake, halafu kuhusu jirani wa kijiji cha chini, halafu kuhusu kitu alichokisikia redioni, halafu akarudi kwenye sungura.

"Ameanza lini?" nikamnong'oneza Dosta.

"Tangu tuhamie huku. Greda hana. Hana pa kupelekea." Akavuta pumzi. "Miaka thelathini nimeichimba hiyo chemchemi kwa mikono yangu, na sasa imefunguka wakati mimi nataka kulala."

Na kweli alilala, hapo hapo kitini, pilipili mkononi. Bogoja akamfunika kwa koti bila kukatiza sentensi. Nilipoondoka alinisindikiza hadi garini, akashika dirisha, nikaanza kuteremka taratibu huku yeye anatembea pembeni anaongea, anaongea. Tulifika chemchemi ndipo nikapata nafasi ya kumwambia kwaheri.